Una spea za MTB (baiskeli ya milimani) ya zamani? Fremu itafute hivi

Kama fremu imekatika ila ringi, gia na foku bado nzima, usikimbilie fremu mpya, nyingi za sasa ni za ringi za inchi 27.5 au 29 na nyuma zinataka haba (kitovu cha ringi) ya 148mm, ya kwako ya zamani ya 135mm haikai hapo moja kwa moja. Tafuta fremu ya ringi za inchi 26. Kwa Dar mi naona bora ununue baiskeli ya mtumba nzima pale Kariakoo uichinje, spea zingine zinabaki stoo.

Nenda na rula na ringi yako ya nyuma, ichomeke palepale, muuzaji akinuna mwache anune. Breki zako kama ni za V angalia fremu ina vile vijiti viwili vya kufungia, za diski tupu huwa hazina, na habari za kuvichomelea kwenye fremu ya alumini achana nazo kabisa. Shingo ya foku nyingi za miaka ya 90 mwishoni ni 28.6mm, iliyonyooka, kwa hiyo fremu iwe ya foku ya shingo hiyo, tundu lenyewe huwa kubwa zaidi ili vikombe vya beringi viingie. Pale ekseli ya pedeli inapopita pima upana wa bomba, 68 au 73mm, na nyuzi ziwe hazijaliwa.

Bomba la kiti ndo linasumbua watu, 27.2 na 27.0 kwa macho huwezi jua, chomoa lako usome namba iliyogongwa chini.

Kabla hujatoa hela futa vumbi kwenye maungio, ukiona kamstari kwenye rangi pitisha kucha, ikinasa hiyo fremu iache hapohapo.