Somo: Hadithi imekwama sura ya kwanza, ifanyeje iishe

Wakuu habari zenu. Kuna watu wana hadithi nzuri sana kichwani ila kila mwaka wako sura ya kwanza, anaandika mstari anafuta, anaandika anafuta, mwisho anasema ntaendelea nikitulia. Mi siuiti uvivu huo. Anataka rasimu itoke kama kitabu kilichochapwa, wakati kuandika ni kazi moja na kusahihisha ni kazi nyingine, ukizifanya pamoja zote zinalala.

Hatua ya 1: Tafuta kaunta buku na kalamu, simu weka chumba kingine. Kwenye simu kufuta ni rahisi mno.

Hatua ya 2: Weka saa. Kuna njia inaitwa Pomodoro, aliibuni Mtaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, unapiga kazi dakika 25 halafu unapumzika 5. Kama 25 ni nyingi anza na 10, ila ndani ya hizo 10 ni marufuku kurudi kusoma ulichoandika, hapo ndo pagumu kuliko pote na ndo dawa yenyewe. Jina la mtaa limekutoka? Andika XX songa mbele. Hujui polisi wanamhojije mtuhumiwa? Andika ULIZA HAPA, songa.

Hatua ya 3: Sentensi mbovu iache ikae. Mfano rasimu inasema "Mama Zuhura alikuwa na hasira sana." Imepoa, sawa, ila hadithi ikishaisha ukarudi, unamjua Mama Zuhura vizuri zaidi, unaandika "Mama Zuhura aliubwaga mwiko kwenye sufuria, ugali ukaruka hadi ukutani." Hiyo huwezi kuipata siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Ukimaliza ifungie wiki mbili, kisha isome kwa sauti, ulimi utakaponasa weka alama.

Hatua ya 5: Mpe mtu tarehe. Waandishi wa hadithi za mfululizo magazetini wanamaliza kwa sababu gazeti linaenda mtamboni na msomaji anasubiri sehemu inayofuata, we pia tafuta mtu mmoja wa kukudai.

MASWALI

Swali: Mkuu mi nimesomea Kiswahili chuo, nikiandika hovyo naona aibu hata nikiwa peke yangu.
Jibu: Nakuelewa kabisa ndugu yangu. Elimu yako itafanya kazi hatua ya 4, tena utawazidi wengi. Rasimu haisomwi na mtu.

Swali: Kaka nina watoto wadogo, dakika 25 za kimya nazitoa wapi?
Jibu: Dada, chukua hizo 10 wakilala, na ukiacha acha katikati ya sentensi, kesho huanzi kutafuta pa kushika.

Swali: Inafaa kwa sisi tunaotengeneza biti za muziki? Nina folda limejaa vipande vya sekunde 30.
Jibu: Inafaa sana. Panga wimbo mzima kwanza, intro, beti, kiitikio hadi mwisho, na kiki (ule mdundo mzito wa ngoma) hiyo hiyo isiyokuridhisha, usibadilishe sauti hata moja. Miksi, yaani kusawazisha sauti, ifanye siku nyingine.