Kufufua baiskeli ya inchi 28 iliyotupwa kwenye chuma chakavu

Baiskeli nyingi zinazoishia kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu bado ni nzima. Zina ugonjwa mmoja ambao mwenyewe alichoka kuutibu kila wiki, na mara nyingi ugonjwa huo ni kotapini, ile pini inayofunga mkono wa pedeli kwenye ekseli yake, au gurudumu la nyuma. Ukiubaini mapema utajua kama unanunua baiskeli au unanunua kilo za chuma. Mwongozo huu unahusu zile baiskeli kubwa za inchi 28, Phoenix, Avon, Hero na wenzao, zenye breki za fito za chuma badala ya waya, zinazobeba mkaa, ndizi na madumu ya maji.

Hatua ya 1: Kagua fremu kabla hujatoa pesa

Rangi isikuvute wala isikukimbize. Beba uzi wa mita 3 na rula. Funga uzi kwenye mdomo wa fremu unaoshika ekseli ya nyuma upande wa kushoto, upeleke mbele, uuzungushe shingo ya fremu (bomba fupi la mbele linaloshika uma na usukani), uurudishe hadi mdomo wa kulia na uukaze. Sasa pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti isiyozidi milimita 3 haina shida. Ikivuka milimita 10, iache, kwa sababu cheni itakuwa inatoka kila siku na hutajua kwa nini.

Pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu kabisa na shingo. Kikigusa uvimbe au rangi iliyojikunja, baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Itazame pia kwa ubavu: sehemu ya juu ya uma wa mbele inatakiwa kufuata mstari uleule wa shingo kabla haijaanza kupinda. Ufa hujionyesha kama mstari mwembamba wa kutu kwenye maungio, hasa shingoni na kwenye bomba la katikati linalobeba ekseli ya pedeli. Ufa wa kwenye maungio huzibwa kwa gesi na brasi. Ukimpa mtu wa kuchomelea kwa umeme, bomba jembamba linaungua na kukatika pembeni mwa weldi baada ya muda mfupi.

Kutu ya juujuu si kitu. Gonga mabomba yote kwa mpini wa spana: penye chuma kizima panalia, palipooza pana sauti ya kopo lililojaa mchanga.

Halafu tafuta namba ya fremu, ambayo huwa imegongwa karibu na kiti au chini ya bomba la katikati. Ikiwa imesagwa kwa tupa, usinunue. Kama ipo, andikishianeni karatasi na muuzaji yenye namba hiyo, mbele ya shahidi au mjumbe wa mtaa. Baiskeli ya wizi itakuletea hasara kuliko chuma chochote kibovu.

Hatua ya 2: Lowesha, kisha fungua

Changanya mafuta ya taa na oili chafu nusu kwa nusu. Dondoshea kila nati, kotapini zote mbili na bomba la kiti, uache usiku mzima. Haraka ya siku ya kwanza ndiyo inayokata bolti.

Pedeli ya kushoto na kikombe cha kulia cha ekseli ya katikati, kile kinachoshika gololi, vina nyuzi za kukazia zilizo kinyume, vyote viwili hufunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Ukilazimisha upande mwingine utakuwa unakaza, na spana ikiteleza itakuchana vidole. Weka vipuri vya kushoto na vya kulia kwenye makopo tofauti.

Hatua ya 3: Kotapini

Hapa ndipo baiskeli nyingi huharibiwa na mtu aliyekuja kuzitengeneza.

Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya kotapini, lakini usiitoe kabisa, maana inalinda nyuzi. Simamisha kipande cha bomba la chuma kutoka sakafuni hadi chini ya mkono wa pedeli, chenye tundu la kutosha kichwa cha kotapini kudondokea ndani. Ndipo upige pigo moja zito kwa nyundo ya kilo moja. Vipigo vidogovidogo vya kuonea huruma hupanua ncha ya kotapini na kuipinda, ikagoma kutoka. Bila lile bomba la kuegemea, nguvu yote inaishia kwenye gololi, nazo zinachimba vishimo kwenye kikombe, na kesho yake unasikia ekseli inakwaruza. Ikishapinda, ikate kwa msumeno usawa wa mkono wa pedeli, toboa katikati yake kwa keekee ya milimita 5, kisha isukume kwa pini nene.

Ya kuweka nunua mpya ukiwa na ya zamani mkononi, kwa sababu zipo za milimita 9 na za milimita 9.5, na macho hayatenganishi. Paka rangi ya kalamu nzito kwenye ubapa wake, iingize, igonge kidogo, itoe. Palipong'aa ndipo panapogusa, piga tupa hapo tu. Rudia hadi ubapa wote ung'ae. Kotapini mbili zinaelekea pande tofauti: mikono ya pedeli ikiwa imelala sawa na ardhi, nati moja iangalie juu na nyingine chini, la sivyo mikono haitanyooka mstari mmoja.

Nyundo ndiyo inayokaza kotapini, nati kazi yake ni kuishikilia tu. Anayeivuta kwa nati anakatisha nyuzi. Na mkono unaocheza usiendeshwe hata kilomita 5, kwa sababu kotapini iliyolegea inakula mfereji wa ekseli, na mfereji ukishaliwa hakuna kotapini mpya itakayoshika, itabidi ununue ekseli nyingine.

Hatua ya 4: Gololi

Fungua ekseli ya katikati na habu zote mbili (vitovu vya magurudumu), osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha. Chukua kalamu ya wino na uzungushe ncha yake taratibu kwenye njia ya gololi, ndani ya kikombe na juu ya koni, ile nati yenye mteremko inayobana gololi. Ikiteleza laini, kipuri ni kizima. Ikikwama penye kishimo, badilisha hata kama kwa macho kinang'aa.

Gololi zote ziwe mpya. Kwa kawaida utahitaji za robo inchi 22 kwa ekseli ya katikati, 11 kila upande, na 18 kwa habu ya nyuma, 9 kila upande. Habu ya mbele hutumia ndogo za inchi 3/16, 10 kila upande. Hesabu ulizozikuta, lakini usiziamini sana, maana huenda aliyetangulia alipoteza mbili njiani. Zikijaa kikombe, ipunguze moja ili zipate kupumua. Usichanganye mpya na za zamani: mpya ni kubwa kwa unywele, kwa hiyo mbili tatu zitabeba mzigo wote peke yake na kupasuka.

Jaza grisi ya gari kwenye kikombe, zipange gololi kwa kidole, grisi itazishika. Kaza koni mpaka mchezo uishe, irudishe robo ya mzunguko, kisha kaza nati ya kufungia, ambayo yenyewe itamalizia kubana. Kipimo ni hiki: inua gurudumu, simamisha vali upande, achilia. Uzito wa vali peke yake unatakiwa kulizungusha hadi vali ifike chini. Likigoma, umekaza mno.

Hatua ya 5: Gurudumu la nyuma

Gurudumu la nyuma lina spoku 40, la mbele 32. Spoku hukatika kwenye kiwiko, pale inapoingia kwenye habu, na wengi husingizia mzigo. Mzigo una sehemu yake, ila chanzo hasa ni kulegea: spoku iliyolegea hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, kama waya unaoukata kwa mikono. Ndiyo maana ukibadilisha iliyokatika bila kukaza jirani zake, wiki ijayo inakatika nyingine. Zikiwa zimekatika zaidi ya 5, toa zote uweke mpya. Nenda dukani na spoku ya zamani, maana urefu wa za mbele na za nyuma haukisiwi kwa kubahatisha.

Kabla hujakata hata moja, toa friwili, yale meno ya nyuma yanayovutwa na cheni. Inafunguliwa kwa kulishika gurudumu zima na kulizungusha juu ya kifunguo kilichobanwa kwenye jiliwa. Spoku zikishakatwa huna cha kushika, na habu nzuri inageuka chuma chakavu kwa sababu hiyo tu.

Kunyoosha: funga spoku ya zamani kwenye fremu ncha yake ikaribie rimu. Rimu ikiegemea kulia, kaza spoku za kushoto za mahali hapo nusu mzunguko na ulegeze za kulia nusu. Robo na nusu tu, kisha zungusha uangalie. Kwa breki za fito, mpira hubana rimu kutoka upande wa ndani, kwa hiyo rimu inayopanda na kushuka ndiyo itakayokupa breki za kukamata na kuachia.

Hatua ya 6: Cheni, friwili, breki

Inyooshe cheni, pima kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 baada yake. Mpya ni inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na 1/8, itupe. Ukifunga cheni mpya na bado inaruka meno, friwili ndiyo imeliwa. Klipu ya kiungo cha cheni iwekwe ncha iliyofungwa ikitangulia mbele, na cheni iwe na mchezo wa sentimita 1 hadi 1.5 katikati.

Friwili isukutue kwa mafuta ya taa, kisha oili nyepesi. Grisi hapana: inagandisha kucha za ndani na pedeli zitazunguka bure.

Mipira ya breki ikae milimita 3 kutoka kwenye rimu. Nyumba ya mpira ina upande mmoja uliozibwa, na huo uelekee kule rimu inakozungukia. Ukiugeuza, utakapokamata breki mteremkoni rimu itauchomoa mpira wote.

Tairi, tyubu na rangi

Soma namba iliyo ubavuni mwa tairi: inchi 28 kwa 1½ huandikwa 40-635, yaani upana wa tairi na kipenyo cha rimu inapokaa tairi, kwa milimita. Baiskeli za mtumba za Japani zenye 26 kwa 1 3/8 ni 590, na hazikubali tairi ya 26 kwa 1.75 ambayo ni 559, ingawa zote zinaitwa 26.

Kabla hujalaumu tyubu, fungua vali. Ndani kuna kimpira kidogo chembamba kama mrija. Kikioza au kikipasuka, upepo hutoka polepole usiku kucha, na watu hununua tyubu nzima kwa kitu cha bei ya pipi. Paka mate juu ya vali, ukiona povu, ni hicho.

Rangi iwe ya mwisho, na kama mfuko ni mwembamba, iache. Ukipaka, piga msasa, kisha rangi ya chini ya kuzuia kutu, kisha mipako miwili myembamba ya rangi, ukiziba vikombe na nyuzi zote kwa karatasi.

Baada ya kilomita 30 za kwanza, bila mzigo, irudishe chini. Piga tena kotapini kwa nyundo na bomba la kuegemea, kaza nati zake, na ubonyeze spoku mbilimbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote la nyuma. Zinazolegea kaza papo hapo, ndipo ufunge keria.