Mgongo unauma? Jua wa kungoja na wa kukimbiza hospitali

Jamani watu wa boda, na nyinyi mnaobeba jerikeni za lita 20 kupanda vilima vya Kampala, maumivu mengi ya mgongo ni misuli tu imevutika na huwa yanapungua yenyewe ndani ya wiki 4 mpaka 6. Na sio kila mgongo ni figo, maana huku mtu akiumwa kiuno tu anajitibu figo!

Usilale kitandani siku nzima, tembea kidogo kidogo, weka kitambaa cha moto, ukiokota kitu piga magoti ukishike karibu na tumbo. Ibuprofen inasaidia ila kama una vidonda vya tumbo au una mimba usiimeze bila kuuliza daktari.

Sasa ya kukimbia nayo leo leo, hata kama ni usiku: mkojo umegoma kutoka au unatoka bila habari, choo hivyo hivyo, ganzi pale unapokalia tandiko la pikipiki, miguu inaishiwa nguvu, au umeanguka vibaya.

Halafu kuna ile ya polepole, mgongo unauma hata ukilala, homa za jioni, jasho la usiku, unakonda. Hiyo inaweza kuwa TB ya uti wa mgongo, na unaweza kuwa nayo bila kukohoa kabisa, nenda upimwe, dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure.