Andika chache usome nyingi: kalamu inavyosaidia kusoma Kichina

Swali hili haliishi. Mtu anaanza Kichina, anaona simu inamfanyia kila kitu, anachapa pinyin (matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini) herufi ya Kichina inatokea yenyewe, sasa anauliza kalamu ya nini tena? Jibu langu: huhitaji kuziandika zote kwa mkono, ila zile za mwanzo na zile zinazofanana ziandike, la sivyo utakuwa unasoma kwa kubahatisha kila siku. Wachina wenyewe wapo kibao wanaosoma herufi wasizoweza kuziandika, wana mpaka msemo wake, 提笔忘字, yaani unashika kalamu herufi inakukimbia. Mfano maarufu ni kupiga chafya, 打喷嚏, kila mtu analisoma fasta ila mwambie aandike hiyo ya mwisho uone anavyokuna kichwa. Kwa hiyo ndiyo, kusoma bila kuweza kuandika kunawezekana, lakini hao waliandika miaka na miaka shuleni kabla simu haijawadekeza, wewe hiyo akiba huna.

Shida ni kwamba jicho ni vivu. Likiona umbo la jumla linaridhika, linasema hii naijua, kumbe sivyo. Angalia 买 na 卖, ya kwanza kununua ya pili kuuza, tofauti ni kile kimsalaba cha juu tu, ukichanganya hapo biashara imegeuka. Au 未 na 末, moja mstari wa juu mfupi nyingine wa juu mrefu, na maana ni "bado" na "mwisho". 我 (yaani "mimi") na 找 (kutafuta) zilinisumbua muda mrefu sana (zote zina mistari saba!) mpaka siku nilipoziandika ndo nikaona zinaanza tofauti kabisa, 我 inaanza na kimstari cha kushuka kushoto, 找 inaanza na mstari wa kulala kwa sababu upande wake wa kushoto ni mkono, 扌, na kutafuta si unatafuta kwa mkono. Tangu hapo sijazichanganya tena. Mkono unalazimika kuamua kila mstari uende wapi, jicho halilazimiki kuamua chochote.

Sasa ufanyeje. Kwanza mpangilio wa mistari, usiuruke hata kama unakuboa. Juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, mstari wa kulala kabla ya wa kusimama, na kwenye herufi zenye boksi kama 国 unachora kuta, unaingiza vya ndani, halafu unafunga mlango mwishoni. Siyo heshima kwa mababu hiyo, ina faida yake nitakuja nayo huko chini.

Halafu chagua za kuandika. Viwango vya Kichina vilivyotolewa China mwaka 2021, kwa ngazi tatu za mwanzo vinataka utambue herufi 900 ila za kuandika kwa mkono ni 300 tu, na hiyo theluthi mimi naona iko poa hata kama hufanyi mtihani wowote. Kwenye hizo 300 utakutana na karibu vipande vyote vinavyojirudia, maji 氵, mdomo 口, mtu 亻, mti 木, na ukishavishika mkononi herufi mpya haiwi tena rundo la mistari kumi na mbili, inakuwa vipande viwili vitatu unavyovijua. 喝 na 渴 zina upande wa kulia uleule, yenye mdomo ni kunywa, yenye maji ni kiu. Basi, umemaliza.

Namna ya kuandika sasa, na hapa ndo wengi wanapoteza muda: usinakili herufi moja mara hamsini ukiitazama. Ikifika mara ya nne akili imeshaondoka, mkono unachora tu. Itazame, itaje kwa sauti na toni yake (sauti inavyopanda au kushuka), ifunike, iandike kutoka kichwani, funua ulinganishe. Ukikosea rudia, ukipatia achana nayo, irudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Iandike ndani ya neno kama 买东西 (kununua vitu) badala ya 买 peke yake ikining'inia. Daftari la viboksi linasaidia mistari isitambae, ila karatasi yoyote inatosha, hatutafuti mwandiko mzuri hapa. Zilizobaki zote chapa kwenye simu na usome sana, ila zile pacha zinazokuchanganya, kila ukikosea kwenye kusoma, chukua kalamu uziandike zote mbili kwa pamoja.

Na ile faida ya mpangilio niliyoiahidi: mwandiko wa watu. Mtu akiandika haraka hanyanyui kalamu, matone matatu ya 氵 yanaungana yanakuwa kama nukta na mkia, 口 inakuwa kakitanzi, na ukiwa umezoea maandishi ya skrini tu utadhani ni lugha nyingine. Lakini ukijua kalamu inaanzia wapi na inaelekea wapi, unaifuata ile njia kwa kidole juu ya meza na herufi inajifungua. Hata baadhi ya herufi zilizorahisishwa (za zamani zilizopunguzwa mistari) zilitoka kwenye mwandiko wa haraka, 书 ni 書 iliyoandikwa kwa haraka, 东 ni 東, 车 ni 車, kwa hiyo umbo lenyewe linaonyesha kalamu ilipita wapi. Anza na kikaratasi kifupi cha mtu unayejua anaongelea nini, orodha ya manunuzi kwa mfano, usijitupe kwenye 草书, mwandiko wa haraka kupita kiasi, ile ya kwenye michoro ya ukutani maana hiyo hata Wachina wenyewe wengi inawashinda.