Leseni ya kulima hempu North Carolina: hatua nilizopitia

Ndugu zangu tunaozungumza Kiswahili huku Marekani wananiuliza sana habari za hempu. (Siiti katani, maana kwetu katani ni mkonge.) Ni mmea uleule wa bangi, ila THC yake, yaani kemikali inayolevya, haizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Ikizidi hapo, sheria ya shirikisho inaihesabu kuwa bangi, na asiye raia anaweza kufukuzwa nchini kwa kesi ya bangi. Nakusihi usipande hata mbegu moja kabla hujapata leseni.

Hatua ya 1. Tangu 2022 leseni ya mkulima hapa haitolewi na jimbo, inatolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA. Anza na alama za vidole, uombe ripoti ya FBI ya rekodi yako ya makosa. Unapotuma maombi, ripoti isiwe na zaidi ya siku 60. Kosa kubwa la dawa za kulevya ndani ya miaka 10 iliyopita kwa kawaida hukufungia mlango. Mkiwa kampuni, kila kiongozi alete ripoti yake.

Hatua ya 2. Jaza fomu mtandaoni, uonyeshe shamba lilipo. Ada hakuna.

Hatua ya 3. Ukishapanda, nenda ofisi ya FSA (idara ya USDA inayohudumia wakulima) ya kaunti yako ukaandikishe eneo. Watakupa namba ya kila kitalu cha shamba.

Hatua ya 4 ndiyo inayowaumiza wengi. Sampuli huchukuliwa na wakala aliyeidhinishwa, si wewe, na kuanzia siku hiyo una siku 30 za kuvuna. Yeye hukata ncha yenye maua, na maabara hujumlisha pia THCA, ile asidi inayogeuka THC ikipashwa joto, kwa kuizidisha kwa 0.877. Maua yakizidi kukomaa, THC nayo hupanda. Msimu wa kwanza nilichelewa kumwita. Kipimo kikasoma 0.6, nikalima ekari nzima chini kwa trekta. Baadaye ndipo nilipojua ningeruhusiwa kuondoa maua au kusaga mmea mzima, kisha nipimwe tena. Siku hizi napima mwenyewe mapema, kila wiki tangu maua yachomoze, na wakala namwekea miadi kabla kipimo hakijafika 0.2.

Leseni hii ni ya kulima tu. Anayetaka kusindika, hasa vyakula na mafuta, aulize kwanza sheria za jimbo na za FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Mimi nimebaki na nyuzi na mbegu, na sipandi kabla mnunuzi hajatia saini.