PreserveSig: usiipoteze S_FALSE unapoita COM kutoka C#
Nikirekebisha programu ya ghala la mpunga hapa Ahero, nimejifunza kuweka sifa ya PreserveSig juu ya kila mbinu ya kiolesura cha COM (mfumo wa Microsoft wa kuunganisha vipengele vya programu) ambayo HRESULT yake, yaani namba inayoeleza kama wito umefaulu au umeshindwa, ninahitaji kuiona. Bila sifa hiyo, .NET, jukwaa linaloendesha C#, huificha HRESULT: ikiwa hasi huigeuza kuwa eksepsheni, na kigezo cha mwisho kilichotiwa alama ya retval ndicho hurejeshwa kama thamani ya mbinu. Kwa hiyo S_FALSE, ambayo ni 1 na huhesabiwa kuwa mafanikio, hupotea kimya, ilhali mbinu ya Next ya viorodheshi vya COM huitumia kueleza kwamba vitu vilivyopatikana ni pungufu ya vilivyoombwa. Ukiweka sifa hiyo, badilisha pia saini ya mbinu, irejeshe int, na jibu lenyewe lipokewe kwa kigezo cha out kilicho mwisho. Ukisahau kubadilisha saini, tafadhali elewa kwamba upande wa COM utaandika jibu mahali pasipojulikana katika kumbukumbu. Makosa nayo hayatarushwa tena yenyewe, hivyo ipitishe int hiyo kwa Marshal.ThrowExceptionForHR, ambayo hurusha kwa thamani hasi pekee. Kwenye DllImport, sifa ya kuita kazi zilizo ndani ya maktaba za DLL, mambo ni kinyume, kwa kuwa huko PreserveSig ni kweli tangu mwanzo.