Mtafute Sonneveld kupitia mtunzi wake

Ukiandika kwenye programu ya muziki jina la Wim Sonneveld (1917–1974), mchekeshaji na mwimbaji wa Uholanzi, kila mara utaletewa "Het dorp". Ni wimbo mtamu kweli, lakini unazifunika nyingine nzuri. Tafuta mwandishi wa maneno: Friso Wiegersma, na hasa Hugo Verhage, jina la bandia alilotumia. Programu za muziki hutanguliza kinachosikilizwa zaidi. Jina la mtunzi huibua hata wimbo uliosahaulika. Njia hii hugoma pale watunzi wasipotajwa, basi soma upande wa nyuma wa jalada la santuri. Tena Wiegersma aliwaandikia wengine pia, akiwemo mwimbaji Willeke Alberti, kwa hiyo angalia nani anaimba kabla hujahifadhi.